Mvua ikikatika baada ya kupanda, ndiyo tabianchi imebadilika?

SWALI: Vuli iliyopita mvua ilipiga siku tatu mapema Oktoba, nikapanda mahindi. Kisha jua likawaka wiki tatu, miche ikakauka yote. Jirani anasema tabianchi imebadilika. Ni kweli? Naweza kupima mwenyewe?
Mkulima, Korogwe

JIBU: Pole sana, ndugu mkulima. Kilichokausha miche yako ni hali ya hewa, yaani mvua na jua la majuma yale. Tabianchi ni mwenendo wa mahali kwa miaka isiyopungua 30. Kipindi kinachotumika sasa kimataifa ni 1991 hadi 2020. Vuli moja haithibitishi lolote, wala mbili. Vuli za 2021 na 2022 zilikuwa kavu, ilhali za 2019 na 2023 zilileta mafuriko Afrika Mashariki. Kuyumba huko, ambako chanzo chake kikubwa ni joto la Bahari ya Hindi na El Niño (kupanda kwa joto la maji ya Bahari ya Pasifiki), ni sehemu ya tabianchi yetu tangu zamani. Mabadiliko yapo kweli, ila hujitokeza wazi zaidi kwenye joto kuliko kwenye mvua.

Msimu ujao usipande kwa mvua ya kwanza. Chimba uone: udongo uwe umelowa kina cha sm 15, na usome kwanza utabiri wa siku 10 wa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Kupima unaweza. Tafuta faneli yenye mdomo wa duara wa upana wa sm 16, iweke juu ya dumu la lita 5 lililofukiwa kiasi lisiangushwe na upepo. Mdomo uwe sawasawa, sm 30 juu ya ardhi. Mdomo ukiinama, kipimo kinapotoka. Mti wa mita 5 uwe umbali wa mita 10 au zaidi, maana majani huzuia mvua na upepo huipeperusha. Kila siku saa 3 asubuhi pima maji kwa bomba la sindano au jagi la vipimo: kila mililita 20 ni milimita 1 ya mvua, kisha mwaga.

Wengi hukosea kwenye daftari. Siku isiyo na mvua andika 0. Siku usiyopima weka kistari. Ukiziacha zote wazi, baadaye hutaweza kutofautisha ukame na safari yako ya mjini, na wastani wako wote utaharibika.