Jibu: Uchumi komyuniti koleji Marekani, halafu kazi?

Salama ndugu yangu. Wauliza kama ile miaka 2 ya uchumi komyuniti koleji huko Marekani yatosha kukupa kazi ukirudi Mombasa. Peke yake sioni, ile ni nusu ya safari, wengi huhamia yunivasiti kumalizia digrii. Kwa hivyo kabla hujalipa, muulize mshauri wa koleji kozi zipi zitapokelewa huko mbele, na akujibu kwa maandishi, mimi nilipohama koleji hapa sikuuliza, nikarudia hesabu muhula mzima, bure tu! Takwimu na kalkulasi usizikimbie. Kazi sasa: benki, sacco, kaunti, ama kliaringi, yaani kutoa mizigo bandarini pale Kilindini, mimi nilianzia huko kujaza fomu za forodha na wallahi Excel ndiyo iliyoniokoa, si ile michoro ya dimandi na saplai (mahitaji na ugavi) ya darasani.