Muulize Afande Mstaafu: Askari hufundishwa kumtambua mtu, au kulenga tu?

SWALI: Shikamoo Afande. Mimi ni dereva wa bodaboda, kijiwe chetu kipo Mikanjuni, hapa Tanga. Juzi usiku natoka kumshusha abiria Sahare, doria ikanisimamisha, mtutu ukanielekea kifuani. Kumbe wanamtafuta mwizi mwenye pikipiki nyekundu na koti jeusi. Nilinusurika kwa kuwa askari mmoja ananifahamu. Hivi mkifundishwa bunduki, mnafundishwa na kumtambua mtu? Na mimi nifanyeje siku nyingine?
(Dereva, Mikanjuni)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Pikipiki nyekundu na koti jeusi! Kwa maelezo hayo nusu ya kijiwe chenu ingelala rumande.

Mafunzo ya msingi huanza na chuma chenyewe: kukifungua, kukisafisha, kukifunga, kulenga. Lakini karatasi ya shabaha haina uso wala haitii mkono mfukoni. Tena anayepiga vizuri hupongezwa, anayejizuia hana wa kumpa maksi. Nilipokuwa mkufunzi nilibandika picha za watu: huyu kashika bastola, huyu simu nyeusi ya kitochi, kimo kilekile, mkono uleule. Nazigeuza ghafla, jua likishazama. Vijana wenye shabaha ya kusifiwa ndio waliokuwa wakimpiga mwenye simu. Na kidole nilikigombania kila siku: kilale ubavuni mwa silaha, nje ya kifyatulio, mpaka umeshaamua. Mtu akishtuka, vidole hujikunja vyenyewe.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, kosa la kumpiga asiyehusika huanzia kwenye taarifa, kabla bunduki haijainuliwa. London, tarehe 22 Julai 2005, polisi walikuwa wakimsaka mtu aliyejaribu kulipua treni siku moja kabla. Anwani waliyoipata ilikuwa ya jengo lenye nyumba kadhaa na mlango mmoja wa kutokea. Akatoka Jean Charles de Menezes, fundi umeme kutoka Brazil, miaka 27. Askari wa kumtambua alikuwa amekwenda haja ndogo. Kijana akapanda basi, akashuka Brixton, akakuta kituo cha treni kimefungwa, akarudi kwenye basi lilelile; waliomfuata wakaona ni ujanja wa kuwapoteza. Kila hatua yake ya kawaida ilizidi kumtia hatiani. Wenye silaha walipomfikia ndani ya treni, Stockwell, walikuwa wameshaamini ndiye. Alipigwa risasi saba za kichwa. Mwaka 2007 jeshi la polisi la jiji hilo lilitiwa hatiani kwa kuhatarisha usalama wa raia na kutozwa faini ya pauni 175,000. Hakuna askari hata mmoja aliyeshitakiwa.

(Najua wengine mtanitajia Msitu wa Pande, mwaka 2006, wafanyabiashara wa madini na dereva teksi waliouawa wakaitwa majambazi. Hiyo ni habari nyingine: mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani ofisa mmoja kwa mauaji.)

Sasa wewe. Ukisimamishwa, zima injini, mikono ibaki juu ya usukani. Usikimbilie leseni. Sema kwanza: "Afande, leseni ipo mfuko wa kushoto, niitoe?" New York mwaka 1999 askari wanne walifyatua risasi 41 kwa Amadou Diallo, kijana wa Guinea, mkononi alikuwa na pochi. Nao askari wana wajibu wao: kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka 1990 zinamtaka ajitambulishe na kutoa onyo la wazi, na kukupa nafasi ya kutii, isipokuwa kungoja kukihatarisha maisha.

SWALI: Afande, kwa nini msimpige mtu mguuni tu?
(Mama Lishe, Ngamiani)

JIBU: Mama, mguu wa anayekimbia ni mwembamba na hautulii, hata bingwa huukosa. Ukiupata, paja lina mshipa mkubwa, damu humaliza mtu njiani kabla ya hospitali. Ukiukosa, risasi inaendelea na safari, na Ngamiani nyumba zimebanana. Ndiyo maana askari hufundishwa kulenga kifua, na kufyatua pale tu uhai wa mtu upo hatarini. Kama una nafasi ya kuchagua mguu, unayo pia ya kutopiga. Kibaka aliyekimbia na simu mwache akimbie, kwao panajulikana.