Kabla hujalipia mashua ya Lamu, tazama mwezi kwanza

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili kabla ya kujibu, maana linanigusa. Unataka siku tano za kutulia, wewe, mkeo na mama yako mwenye miaka 68, kwenye chombo cha tanga, mkipitia miji ya kale ya visiwa vya Lamu. Unauliza mwende Agosti au Februari, mpatane na nahodha wenyewe au mpitie kwa wakala, na kama mama ataweza.

Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Julai na marafiki, mara ya pili Februari na mama yangu mzazi na mdogo wangu. Nitakueleza yote, lakini naanza na jambo ambalo sijaona mtu akilitaja kwenye uzi huu, na ndilo litakaloamua kama mtapumzika au mtahangaika: maji. Watu wanachagua tarehe kwa likizo ya kazini na bei ya ndege, halafu wakifika wanamwambia nahodha kesho Takwa, keshokutwa Siyu. Nahodha anaitikia kwa adabu, kisha siku yenyewe mnakaa kwenye chombo mnatazama matope.

Miji hiyo karibu yote imejificha nyuma ya mikoko. Takwa unaingia kwa mlango mwembamba wa bahari unaopitika maji yakijaa tu. Siyu ni hivyo hivyo. Hata Mkanda, ule mfereji kati ya kisiwa cha Manda na bara unaokupeleka upande wa kisiwa cha Pate, unataka maji ya kutosha. Sasa, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku mbili tatu baada yake, kunakuwa na bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti yake inakaribia mita 3. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu, hayapandi vya kutosha, na chombo kikubwa kidogo hakithubutu kuingia baadhi ya njia hizo. Wakati wa bamvua maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni, kisha kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo ukiondoka Lamu siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, unapata maji ya jioni ya kuingilia Takwa na maji ya asubuhi mapema ya kupitia Mkanda, jua halijawa kali. Tulivyofanya Februari ndivyo hivyo, na siku mbili za kwanza zilikwenda kama zimepakwa mafuta.

Takwa tuliingia yapata saa kumi na nusu. Mashine imezimwa, tanga limetuliwa, baharia mmoja yuko omo, mbele ya chombo, na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, hakuna sauti ila mti ukigusa matope na maji yakichuruzika kutoka kwenye upondo kila akiunyanyua. Mji wenyewe ni magofu ya mawe ya matumbawe na mibuyu mikubwa. Watu waliishi pale kati ya karne ya 15 na ya 17, kisha wakahama, na watu wa Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu ng'ambo ya pili, wanajihesabu kuwa wametoka huko. Msikiti wa Ijumaa una nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, kitu ambacho sijakiona kwingine. Kuna pia kaburi la nguzo ambako watu wa Shela huja kuomba dua ya mvua. Mama alikaa chini ya mbuyu nusu saa nzima bila kusema neno, na mama yangu si mtu wa kunyamaza. Msipite pale mbio.

Usiku ule tulilala chomboni, nanga imetiwa upande wa Manda. Alfajiri tukapita Mkanda na umande, ule upepo wa asubuhi utokao bara, halafu kutwa nzima tukawa kwenye kisiwa kidogo cha Manda Toto, watu wanaogelea kwenye matumbawe na wengine wamelala chini ya turubai. Sina la kuongeza juu ya siku hiyo. Ilikuwa nzuri.

Siku ya tatu ndipo nilipokosea. Siyu tuliingia asubuhi, maji yakiwa yanajaa, yangefika juu kabisa saa moja na nusu. Nahodha alituambia wazi: saa mbili na nusu tuwe chomboni, maana mwezi unaendelea kupungua na kila maji yanayokuja ni madogo kuliko yaliyopita. Ngome ya Siyu imesimama karibu kabisa na maji, na ina habari. Mji huu ulikataa kumtii Seyyid Said wa Unguja. Majeshi yake yalishindwa hapa miaka ya 1840, na ukaja kushikwa miaka ya 1860, enzi za mwanawe Majid. Nilizama humo. Nikapanda ukutani, nikatoka kwenda kwa fundi wa makubadhi, vile viatu vya ngozi, tukapiga soga, nikanunua jozi mbili. Nilipofika chomboni ilishapita saa tatu kasoro. Nahodha hakusema kitu, alitazama tu alama ya maji kwenye mizizi ya mikoko.

Saa tatu na robo tukapwelewa, yaani tukakwama maji yakipwa, katikati ya njia. Mkuku, ule uti wa chini wa chombo, uligusa taratibu, kama mtu anayekaa kwenye godoro, na chombo kikaanza kuegemea upande. Maji yakatuacha. Huwezi kushuka, matope yanakufika mapajani. Huwezi kurudi mjini. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa wakatoka mashimoni kwa mamia, na matope yenyewe yakawa yanalia, pwa, pwa, kama uji unaochemka. Jua la Februari juu yetu, upepo wa kaskazi umezuiwa na mikoko, mbu wamo. Mama alikaa ameegemea magunia ya mchanga ya farumi, yaani ya kutuliza chombo kwa uzito, kanga imelowa maji kichwani, na mimi namtazama nikijua ni mimi niliyemweka pale. Mabaharia walitumia muda huo kushona tanga lililoachia karibu na pembe yake ya mbele. Chombo kilielea tena saa kumi na mbili jioni, na hata hapo nahodha alituhamisha sote nyuma kwenye tezi ili omo inyanyuke.

Tulipoteza siku, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya Pate mjini, ambako mama ndiko alikotaka kwenda kuliko kote. Mimi nilipaona Julai: nyumba zimebanana, vichochoro vyembamba, na magofu ya mji wa Wanabahani yenye mashamba ya tumbaku katikati ya kuta. Yeye hajapaona.

Jioni ile nahodha alituhadithia vita vya Shela, na nilivielewa kwa namna ambayo makumbusho hayangenielewesha. Mnamo 1812 Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, walikuja kuipiga Lamu. Walishuka Shela, wakashindwa, wakakimbilia vyombo vyao. Vyombo vilikuwa vimepwelewa. Wakauawa pale pale ufukweni. Baada ya ushindi huo Lamu, kwa kuogopa kisasi, iliomba himaya ya Oman, na ile ngome unayoiona katikati ya mji wa Lamu ikamalizwa 1821 kwa msaada wao. Baadaye ikawa gereza hadi 1984. Pate haikuinuka tena kama ilivyokuwa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: mji mmoja kwa siku, na siku tano zako zihesabu kuwa miji mitatu, si mitano. Shanga, kama mna nguvu, ni mwendo wa miguu kama saa moja kutoka Siyu, na unahitaji siku nzima: mnaingia na maji ya asubuhi, mnatoka na ya jioni. Ni mji ulioanza karne ya 8 na kuachwa mwanzoni mwa karne ya 15. Mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba miaka ya 1980 alikuta misikiti imejengwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa miti. Kwa mama yako, hapana. Jua ni kali na kivuli hakuna. Mkeo na wewe mwende, mama abaki Siyu kwa wenyeji. Nahodha mzuri hakosi jamaa pale.

Sasa Agosti au Februari. Agosti kusi, upepo wa kusini, bado lina nguvu. Ndani ya visiwa mtakwenda vizuri maana linawasukuma kuelekea Pate, lakini kurudi ni kupiga bisho, kwenda upinde huku na huku dhidi ya upepo, siku nzima, maji yanarukia ndani, na mlango wa Shela unapofunguka baharini kuna mawimbi. Julai yetu wawili kati yetu walitapika tangu Shela. Februari ni kaskazi: kwenda ndio bisho, lakini upepo si mkali, na kurudi tanga linajaa kuanzia Manda hadi nyumbani. Kuna raha yake siku ya mwisho kukaa upande wa joshi, unakotoka upepo, miguu juu, mnateleza tu. Mkikosa Februari, tafuteni Oktoba, wakati wa demani, bahari imetulia. Aprili hadi Juni msithubutu, ni mvua na kusi linaanza. Na mkiangukia Ramadhani jueni kwamba mabaharia wamefunga, si haki kuwaendesha juani kutwa.

Wakala au nahodha? Julai tulipitia kwa mtu aliyetuuzia “safari ya tanga” kwa picha nzuri. Tanga lilitwekwa mara moja, tukapigwa picha, likatuliwa. Siku nne zilizobaki ni mashine tu, moshi na kelele. Februari tulikaa Lamu mjini siku mbili kwanza, tukatembea gatini, tukazungumza na manahodha watatu. Nilimchagua yule ambaye, nilipomtajia tarehe, alihesabu kwa vidole kabla ya kunijibu. Alikuwa anahesabu mwezi. Muulize maswali haya: mashine tutaiwasha wapi na wapi? Jibu la kweli ni Mkanda, kwenye njia za mikoko, na upepo ukikatika. Chakula na maji ya kunywa ni juu ya nani? Ada za makumbusho je? Majaketi ya kuokolea yako wapi, yatoe niyaone. Tazama pia ngamani, chini ndani ya chombo yanapokusanyika maji. Maji kidogo ni kawaida ya chombo cha mbao, lakini kama mtoto anayachota na kuyamwaga nje kila nusu saa hata chombo kikiwa kimefungwa, shukuru na uende zako. Mkishapatana bei, lipa sehemu, iliyobaki mkirudi. Pesa taslimu toeni Lamu mjini kabla ya kuondoka. Hali ya usalama pia ulizeni pale pale wiki hiyo, hasa mkishawishika kwenda mbali zaidi, Kiwayu na kuelekea mpaka wa Somalia. Mimi sikwenda na mama huko.

Jueni pia mtakachokipata ni mashua, si jahazi kubwa la mizigo. Hakuna chumba. Mnalala juu ya magodoro chini ya turubai, na usiku kuna umande mwingi, chukueni blanketi. Choo ni jambo la kuulizwa bila haya: wengine wana pembe iliyozibwa kwa pazia, wengine wanawapeleka ufukweni. Kwa ajili ya mama yako ningesema mlale usiku mbili chomboni na mbili nchi kavu. Siyu na Pate ni miji ya watu wenye stara. Mama na mkeo wawe na kanga au mtandio, na wewe usitembee kwa kaptura. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Kama ataweza? Mama yangu alikuwa na 66 na goti bovu. Kupanda chomboni ndiyo kazi, maana mara nyingi mnavuka maji ya magotini. Baharia mmoja alisimama majini akampa bega, mwingine akampokea juu, na kuanzia siku ya pili wakawa wanamwekea debe la kukanyagia bila kuambiwa. Chakula alikula vizuri: wali wa nazi na samaki waliyemvua wenyewe, vimepikwa juu ya jiko la mkaa lililokaa ndani ya kasha la mchanga. Tangawizi alitafuna kila asubuhi, hakutapika hata siku moja. Kile kilichomchosha ni yale matope ya Siyu, na hilo lilikuwa langu.

Nitamrudisha Februari ijayo, Pate ikiwa ya kwanza. Ukishapata wiki mbili tatu ambazo mkeo anaweza kupata likizo, ziweke hapa tuzitazame na mwezi kabla hujamlipa mtu.