Mtu wa Tano: Majibu Yangu kwa Mwalimu wa Singida

"Shikamoo dada kocha. Timu yangu ya netiboli imetolewa tena UMISSETA, hata ngazi ya wilaya hatujavuka. Nina wachezaji saba wazuri kabisa. Wa akiba ndio tatizo, na kuna binti mmoja haji mazoezini vizuri, nafikiria nimtoe. Wewe umefanikiwa huko Marekani, nipe siri."

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako uliingia Jumapili usiku. Nilianza kukujibu kwa mistari miwili nikafuta, nikaandika tena nikafuta. Kisha nikaona nikujibu hapa hadharani, kwa sababu najua makocha wengi mnaonisoma mnalilia kitu kimoja na mimi: kushinda.

Umesema nimefanikiwa, na sitakataa. Msimu uliopita timu yangu ilishika nafasi ya pili kwenye ligi yetu. Kabla ya hapo, tangu nikabidhiwe timu hii, hatukuwahi kuvuka nafasi ya tano. Nimeifanyia kazi nafasi hiyo, nimeililia, na nina haki ya kuisema kwa sauti.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: nafundisha timu ya shabaha ya chuo kimoja kidogo. Wanafunzi wa kike na wa kiume wanasimama mstari mmoja na kushindania alama zilezile. Bunduki ni mbili. Kuna ya risasi ndogo za .22, ambapo mlengaji anapiga risasi 20 akiwa amepiga goti, 20 akiwa amelala kifudifudi, na 20 akiwa amesimama. Halafu kuna bunduki ya upepo ya mita 10, risasi 60, zote kwa kusimama. Kila bunduki ina alama 600. Kumi, yaani alama ya juu ya risasi moja, kwenye bunduki ya upepo ni kitone cha nusu milimita. Chukua kalamu, gusa karatasi mara moja bila kukandamiza, bandika karatasi hiyo ukutani, urudi nyuma hatua kumi na tatu hivi. Hicho ndicho wanafunzi wangu wanakitafuta mara sitini, huku mapigo ya moyo yakiutikisa mtutu.

Sasa sikia kanuni inayonifanya nikuandikie. Timu inapanga watu watano. Kwa kila bunduki zinahesabiwa alama za wanne waliofanya vizuri zaidi, yaani 2,400 kwa hii na 2,400 kwa ile, jumla 4,800. Alama za yule wa tano zinaandikwa ubaoni, halafu zinaachwa.

Mimi nilikuwa mtu wa tano kwa miaka mitatu.

Sikuzaliwa kwenye mchezo huu. Babu yangu kule Muheza alikuwa na gobole la kufukuzia nguruwe pori shambani, na hakuna mjukuu aliyeruhusiwa hata kulisogelea. Bunduki niliishika kwa mara ya kwanza mwaka 2013, serikali iliporudisha mafunzo ya JKT kwa wahitimu wa kidato cha sita na mimi nikapangiwa kambi ya Mgambo. Siku ya kulenga shabaha, afande alizikagua karatasi za kombania nzima, akarudi kwenye yangu, akaniambia, "Binti, una jicho." Maneno matatu tu. Mwaka uliofuata nilipata ufadhili wa kuja kusoma kemia huku, na nilipoona tangazo kwenye mlango wa bwalo kwamba timu ya shabaha inatafuta wanafunzi hata wasio na uzoefu, nilimsikia afande yule.

Mwaka wa kwanza nilipiga ya upepo tu. Sheria za Marekani hazimruhusu mgeni mwenye viza ya muda kushika bunduki ya moto, kama ile ya .22, mpaka awe na leseni ya uwindaji. Nikafanya mtihani nikaipata leseni hiyo, na sijawahi kuwinda hata kanga.

Kocha wetu wa wakati huo alikuwa fundi wa kweli. Simtaji jina, na chuo sikitaji. Alinifundisha kusimama, kupumua, kuliamini koti la kulengea, kulegeza bega la kushoto hadi mifupa ndiyo ibebe bunduki badala ya misuli. Alinifundisha kufanya mazoezi bila risasi, ukilenga ukuta mweupe na kubonyeza kifyatulio mara mia mbili kwa siku. Yote hayo namshukuru. Lakini baada ya kila shindano alituita, akasoma alama za wanne, akafunga daftari. Miaka mitatu hakuzisoma zangu. Siku moja nilipiga alama ambazo sikuwahi kuzifikia maishani, nikawa bado wa tano kwa sababu wenzangu nao walipiga vizuri. Alisoma wanne. Akafunga daftari. Nilikwenda bafuni nikafungua bomba ili nisisikike nikilia.

Miaka zaidi ya minane imepita, na bado naweza kukuonyesha alipokuwa amekaa.

Agosti 2016 nilikuwa bwenini nikitazama Olimpiki ya Rio. Medali ya kwanza ya dhahabu ya michezo ile yote ilikuwa ya bunduki ya upepo ya wanawake, na aliyeitwaa ni Ginny Thrasher, msichana wa miaka 19, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha West Virginia aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza mwaka wa kwanza. Alikuwa mchezaji wa kuteleza kwenye barafu mpaka siku alipokwenda kuwinda na babu yake. Basi nikaanza kukifuatilia kile chuo kama wengine wanavyofuatilia Simba na Yanga. Kocha wao, Jon Hammond, alikuwa mlengaji mwenyewe, amepiga Olimpiki ya Beijing 2008, na chini yake walitwaa ubingwa wa vyuo wa taifa mara tano mfululizo, 2013 hadi 2017. Watu wakisimulia West Virginia wanasimulia medali. Mimi kilichonishika ni jambo lililotokea kabla yake. Mwaka 2003 chuo kile kiliifuta timu yake ya shabaha kwa sababu ya bajeti. Timu iliyokuwa na mataji 13! Chini ya kocha Marsha Beasley peke yake walikuwa wametwaa manane. Walioipigania timu ile hadi ikarudishwa hawakuwa wapiga kumi peke yao. Walikuwemo wazazi, wahitimu wa zamani, watu wa mji, watu ambao mchezo uliwahi kuwafanya wajione ni wa mahali fulani.

Jambo hilo nililielewa vizuri yaliponifika. Nilimaliza shahada 2018, nikapata kazi ya kocha msaidizi kwenye chuo kingine. Miaka hiyo miwili naipita, ilikuwa ya kusafisha bunduki na kuendesha basi dogo la timu. Mwaka 2020, mwaka ambao hata fainali za taifa za vyuo zilifutwa kwa sababu ya korona, tulipata barua pepe ya aya mbili: timu imefungwa. Tulipotafuta wahitimu wa kutusemea, walijitokeza wachache mno. Nilipiga simu hadi sauti ikakauka. Mmoja aliniambia, bila hasira, "Kocha, mimi sikuwahi kuhesabiwa kwenye timu ile." Nikaikumbuka sauti ya lile daftari likifungwa.

Ungedhani hapo nilijifunza. Sikujifunza.

Mwaka 2021 nikapewa timu hii niliyonayo, sasa nikiwa kocha mkuu, na njaa ya kushinda ikanipofusha. Msimu wa pili nilikuwa na binti mmoja wa mashambani, mpole, wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Alikuwa wangu wa tano. Baada ya mashindano nilikuwa na haraka, basi linasubiri, wanafunzi wana njaa, nasoma alama zinazohesabika tu. Sikukusudia. Januari alikuja ofisini na koti lake limekunjwa vizuri, akaliweka mezani, akaniambia masomo yamemzidi. Nikamwamini. Wiki moja baadaye nikaliona daftari lake la mazoezi chini ya benchi. Kila risasi aliandika ilikwenda wapi na kwa nini. Na chini ya kila shindano, kwa mwandiko mdogo sana: "Kocha hakusema." Kurasa tisa.

Nililala ofisini siku ile. Mimi, niliyefungua bomba ili nisisikike, nilikuwa nimemfanyia mtoto wa watu kitu kilekile.

Kwa hiyo siri yangu ni hii, mwalimu, na wala haina kanuni ya kisayansi. Baada ya mchezo anza na wa mwisho. Soma alama zake kwanza. Mweleze risasi moja uliyoiona ikipigwa vizuri, na uwe umeiona kweli, maana vijana wananusa sifa ya uongo. Mimi sasa wakati wa mashindano nasimama nyuma ya mtu wa tano dakika zilezile ninazosimama nyuma ya mtu wa kwanza. Tukiwa na nafasi moja ya mafunzo ya ziada, naipeleka chini, siipeleki juu. Kwa miaka mingi kanuni za vyuo ziliiruhusu timu nzima ya shabaha ufadhili kamili wa masomo wa watu 3.6, hata wanne hawafiki, na kocha akawa anaukatakata kama mkate wa siku ya msiba. Siku zote nyota ndio wanaoupata. Sawa, fedha ina sheria zake. Lakini muda wako na macho yako ni mali yako, hakuna aliyekuwekea kiwango.

Narudia kwa sababu najua utalipita: soma alama za wa mwisho kwanza.

Na sasa nikusimulie hiyo nafasi ya pili ilivyopatikana. Fainali ya ligi, siku ya bunduki ya .22. Nyota wangu, kijana ambaye kila chuo kinamtamani, aliinuka baada ya raundi ya goti, akanywa maji, akalala mahali pake. Risasi yake ya tatu akaipiga kwenye shabaha ya jirani. Hutokea. Shabaha zimepangana, zote zinafanana, jicho linachoka, unakosea mstari kwa mita moja tu. Lakini risasi hiyo ni sifuri. Nilimwona mgongo wake ukikakamaa ndani ya koti, na nikajua haitakuwa sifuri hiyo peke yake. Alishuka risasi baada ya risasi. Mwisho wa zamu yeye ndiye aliyekuwa na alama ndogo kuliko wote kwenye timu yangu.

Na aliyepanda kuchukua nafasi yake ni wa tano wangu, kijana aliyeanza mchezo huu chuoni, hajui hata kulenga alipokuja. Alama zake hazikuwahi kuhesabiwa msimu mzima. Siku hiyo zilihesabiwa. Alipiga akisimama kama mtu anayepanga vikombe kabatini, polepole, bila kutazama ubao. Bunduki zote mbili zilipojumlishwa, tuliwapita waliotufuata kwa alama tatu. Tatu, kati ya alama 4,800 za timu!

Usiku ule kwenye mkutano wetu nilisoma alama kwa utaratibu wetu, kuanzia wa mwisho. Wa mwisho alikuwa nyota. Akazisikiliza zake akiwa ameinama. Nikamweleza risasi moja nzuri niliyoiona, ile ya kwanza baada ya sifuri, kumi safi, ambayo wengi wetu tusingeiweza. Akainua kichwa. Kesho yake kwenye bunduki ya upepo aliongoza timu.

Makocha wenzangu, tuache kudanganyana. Tunajisifu kwa nyota ambao hata tusingekuwepo wangeng'ara. Mtu anayepima ukocha wako ni yule anayekaa karibu na madumu ya maji na kushika sweta za wenzake. Huyo anajua kama unamwona. Wenzake nao wanatazama unavyomtendea, kwa sababu kila mmoja anajua goti likiteguka kesho atakaa palepale. Ukimdharau wa mwisho umewatisha wote. Wanaanza kucheza kwa hofu ya kushuka, na mwenye hofu halengi chochote.

Mwalimu, umeniandikia una saba wazuri na wa akiba ndio tatizo. Katika ujumbe wako wote hukumtaja hata mmoja kwa jina. Sikulaumu. Mimi nilikuwa na watu watano tu na bado nilimsahau mmoja.

Kuhusu huyo binti unayefikiria kumtoa: usimtoe kabla hujafika kwao. Nenda jioni, msalimie mama yake, kaa, kunywa uji ukipewa. Uliza anatembea umbali gani kuja mazoezini na anarudi saa ngapi. Uliza nani anateka maji nyumbani. Mwambie mbele ya mama yake pasi moja nzuri uliyoiona akiitoa, hata kama ni ya mwezi uliopita. Kama huikumbuki hata moja, basi rudi uwanjani kwanza, umtazame wiki nzima, ndipo uende.

Halafu niandikie. Anza na jina lake.