Usianze palizi Jumatatu: miti 60 kila upande si marudio 60

Weka jembe chini kwanza. Umeandika kwamba una ekari mbili za misindano uliyoipanda mvua hizi kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, kwamba kuanzia Jumatatu nusu ya juu ya shamba utaipalilia kwa kuzunguka shina tu na nusu ya chini utaipalilia yote, kisha baada ya miaka miwili utapima miti 60 kila upande. Unachotaka kujua ni kama utumie kipimo cha t au anova (njia mbili za takwimu za kulinganisha wastani), programu ipi ni nzuri, na miti iliyokufa uihesabu vipi. Nimesoma swali lako mara mbili, na mara ya pili nimeinuka nikazunguka chumba, kwa sababu shamba hilo nalijua. Ni langu, la miaka tisa iliyopita, ila mimi nilikuwa najaribu mbolea badala ya palizi.

Lilikuwa kwenye mteremko huku Nyanda za Juu Kusini. Nusu ya chini nilitia NPK kila shimo, nusu ya juu sikutia kitu. Kwa nini chini? Kwa sababu gari lililoleta mifuko liliishia chini, na mimi na kibarua wangu hatukuwa na hamu ya kupandisha kilo 50 mlimani. Huo ndio ulikuwa usanifu mzima wa jaribio langu la shahada ya uzamili, na kitu pekee kilichofaidika nao bila shaka yoyote ni mgongo wangu.

Kwa miaka mitatu, kila baada ya miezi sita, nilipima urefu kwa fito niliyoichora sentimita na unene wa shina kwa kaliper ya kuazima. Nikapata mistari 120 ya data, safi, bila pengo. Kipimo cha t kikatoka na digrii za uhuru 118 (idadi ya taarifa huru za kukadiria kosa) na thamani ya p ndogo kuliko 0.001, yaani tofauti ile ilionekana haielekei kuwa ya bahati tu, na usiku ule niliwanunulia soda watu wote wa bwenini.

Siku ya utetezi, mtahini wa nje, mama mpole mwenye sauti ya chini, hakugusa kabisa sura ya matokeo. Aliuliza, "Mwanangu, ni vipande vingapi vya ardhi ulivyovipigia kura vipate mbolea?" Alimaanisha kuchagua kwa bahati nasibu. Nikajibu kuwa ni miti 60. Akasema, "Sikuuliza miti." Kisha akauliza maji ya mvua yanatiririkia upande gani, na hapo nikaanza kutafuta glasi ya maji ambayo haikuwepo mezani.

Wiki iliyofuata nilirudi shambani na jembe. Juu lilidunda kwenye changarawe kabla halijazama kiasi cha kiganja. Chini mkono wangu uliingia hadi kiwiko katika udongo mweusi ulioshushwa na mvua za miaka mingi. Inawezekana mbolea yangu ilifanya kazi, na inawezekana haikufanya lolote, lakini data zile haziwezi kukwambia ni lipi kati ya hayo mawili, hata uzipitishe kwenye programu gani. Miti 60 iliyosimama katika kipande kimoja inakunywa maji yale yale na kula udongo ule ule, kwa hiyo kuipima yote kunakueleza vizuri sana jinsi kipande hicho kilivyo, wala hakukuelezi kipande kingine kilichotendewa vile vile kingekuwaje. Idadi yangu ya kweli ilikuwa kipande kimoja dhidi ya kimoja, na digrii za uhuru za kukadiria kosa zilikuwa sifuri, si 118.

Usidhani nusu mbili za shamba hulingana kwa kuwa zinaonekana sawa machoni. Kule Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, mwaka 1910 watafiti Mercer na Hall walivuna shamba la ngano lililotunzwa kwa namna moja kote, wakaligawa katika ploti (vipande) 500 ndogo zilizolingana ukubwa. Ploti iliyotoa kidogo kabisa ilitoa pauni 2.73 za nafaka na iliyotoa nyingi kabisa pauni 5.16, na hakuna aliyekuwa ameongeza chochote popote. Mwanatakwimu Fisher alifika kituo hicho mwaka 1919, na kanuni zake za kurudia, kupiga kura na kugawa bloku (makundi ya ploti jirani zinazofanana) zilikomaa kwenye mashamba yenye tabia hiyo hiyo. Mwaka 1984 mwanaikolojia Hurlbert alipitia tafiti 176 za majaribio ya ikolojia akakuta karibu nusu ya zile zilizotumia vipimo vya takwimu zina kosa hili la marudio ya bandia, yaani kuhesabu vipimo vingi vya kipande kimoja kana kwamba ni vipande vingi. Kwa hiyo sikuwa mjinga peke yangu, jambo ambalo nimekuwa nikilirudia kwa mke wangu bila mafanikio.

Sasa walionifikisha pale. Msimamizi wangu alitazama mchoro wa shamba kabla sijatia hata gramu moja ya mbolea, akasema, "Zaidi ya 30 ni sampuli kubwa, usiwe na wasiwasi." Hiyo 30 ametapishwa nayo kila mwanafunzi wa nchi hii, na hakuna anayeulizwa ni 30 ya nini. Wa pili ni yule kijana wa stesheneri aliyekula laki tatu zangu kwa "uchakataji", akanipa majedwali 14 yenye nyota kila kona bila kuuliza hata mara moja shamba liligawanywaje. Nilirudia jaribio kwa miaka miwili na miezi mitano, na pikipiki niliyoiuza kulipa vibarua sijainunua tena.

Basi hesabu mara ulizopiga kura, usihesabu miti. Gawa shamba lako katika bloku 6, kila bloku ikiwa na ploti mbili zilizo ubavu kwa ubavu katika kimo kimoja cha mteremko, si moja juu ya nyingine. Kila ploti iwe na miti 7 kwa 7, upime 25 ya ndani tu, kwa maana mstari wa pembeni unaathiriwa na palizi ya jirani yake. Ploti 12 za namna hiyo zitachukua mita za mraba 5,292, yaani ekari moja na theluthi hivi, kwa hiyo una nafasi ya kutosha na kipande chenye kichuguu unaweza kukiacha nje.

Mwishoni, ile miti 25 inakuwa wastani mmoja wa ploti. Utabaki na namba 12 na tofauti 6, na hapo t ya jozi na anova yenye bloku zitakupa jibu lile lile, kwa hiyo usigombane na mtu juu ya hilo. Kizingiti chako cha t, yaani thamani ambayo t lazima iivuke ndipo useme kuna tofauti, kitakuwa 2.57 kwa digrii 5 za uhuru badala ya 1.98 niliyojidanganya nayo mimi. Ni kirefu zaidi, na ukiona kinakutisha ongeza bloku, usiongeze miti ndani ya ploti.

Kura yenyewe ni sarafu ya shilingi mia. Irushe mara moja kwa kila bloku, kabla vibarua hawajafika, uandike daftarini pale pale. Ikiangukia upande mmoja bloku tatu mfululizo iache hivyo hivyo, hata kama msimamizi wako anataka "isawazishwe". Ukimaliza, chora ramani ya ploti zote 12, uonyeshe maji yanakoelekea, uiweke hapa kabla ya Jumatatu tuione.