Hakuna kiwanda kinachouza reli yetu: namna ninavyojenga mabehewa madogo kwa mkono

Nimekulia kota za reli Tabora, pale njia ya Kigoma na njia ya Mwanza zinapoachana. Usiku tulilala na mlio wa mabehewa yakiunganishwa uwanjani, na asubuhi tukiamka tunajua kama kuna treni ya mizigo imeingia. Kwa hiyo nilipoanza kujenga treni ndogo za mezani, miaka sita iliyopita, sikutaka ya Ujerumani wala ya Marekani. Nilitaka ya kwetu. Ya kwetu haiuzwi dukani. Ukiitaka, unaijenga mwenyewe, na ndicho ninachotaka tuzungumze leo, maana wanaoniuliza waanzie wapi wamekuwa wengi.

Anzia kwenye skeli, yaani kitu halisi unakipunguza mara ngapi, kabla hujashika kisu. Mimi sikufanya hivyo. Ndugu yangu mmoja alirudi Uingereza akaniletea vipande vya reli za 00, zile ambazo upana kati ya reli na reli ni milimita 16.5, na kule vitu vyake hujengwa kwa skeli ya 1:76. Nikajenga behewa la mizigo kwa skeli hiyo, miezi miwili kamili. Milango ipo, mbavu zipo, paa lipo. Nikaliweka juu ya reli, likawa behewa la mahali pengine. Nililitazama wiki nzima sioni kosa liko wapi, mpaka nikachukua karatasi nikazidisha: 16.5 mara 76 ni 1,254. Nilikuwa nimelisimamisha behewa la Tabora juu ya reli ya mita moja na robo.

Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ni ya mita moja, sawa na ile iliyoanzia Mombasa mwaka 1896. Simama siku moja mwisho wa njia, behewa likija usoni kwako, utaona mwili umezidi reli kushoto na kulia, kama mwanamke aliyebeba mtungi mpana juu ya shingo nyembamba. Behewa nililolipima mimi lina upana wa mita 2.6. Umbo hilo likipotea, hata ukipaka rangi iliyo sahihi vipi, jicho la mtu aliyekulia relini linakataa.

Dawa yake niliipata kwenye reli za N, saizi nyingine ya reli za mezani, za upana wa milimita 9. Ndizo rahisi kupatikana zilizotumika, na zinatosha meza ya kawaida ya sebuleni. Ukijenga kwa 1:120 juu ya reli hizo, milimita 9 zinakuwa kama mita 1.08. Sentimita nane za ziada jicho haliziulizi. Anayetaka usahihi kabisa atumie 1:111. Mimi nimebaki na 1:120 kwa sababu watu na magari ya skeli hiyo yapo tayari, na kugawa kwa 120 nafanya kichwani. Mpenzi wa TAZARA ana bahati zaidi, maana reli yao ni ya milimita 1,067, na kwa 1:120 inaangukia karibu kabisa na 9. Na anayetaka treni mpya ya SGR, ya milimita 1,435, ajenge kwa 1:160 juu ya reli hizohizo.

Kisha nenda ukapime kitu chenyewe. Usijenge kwa picha za mtandaoni peke yake. Nenda kwa stesheni masta, jitambulishe, eleza unachofanya, omba ruhusa ya kupima na kupiga picha. Bila ruhusa usitoe hata simu mfukoni, maeneo ya reli si ya kuchezea. Mimi hubeba fimbo ya mita moja niliyoipaka nyeupe na nyeusi kila sentimita kumi, naiegemeza kwenye behewa na kupiga picha nikiwa nimesimama mbali, katikati ya ubavu. Nisipofikia kitu kwa futi, nakihesabu baadaye kwa ile fimbo. Behewa langu lilikuwa na urefu wa mita 12.6, ukigawa unapata milimita 105.

Sasa plastiki. Shiti za wajenzi wa nje ni ghali, na huhitaji. Pindua chombo uangalie namba iliyo ndani ya pembetatu. Namba 6 ndiyo yako: inakatika vizuri, inashika gundi, na asetoni huiyeyusha kiasi cha kuunganisha kingo zikawa kitu kimoja. Namba 5 achana nayo, gundi itabanduka siku ya tatu. Makasha ya sidii za zamani mara nyingi ni plastiki ya aina hiyo ya 6. Kadi za benki zilizoisha muda ni nzuri kwa sakafu ya behewa, ila nyingi ni za PVC, kwa hiyo tumia gundi ya mabomba ya maji. Fungua madirisha, mvuke wa gundi hizi si wa kuvuta chumbani na watoto. Na usikate kwa mkupuo mmoja: kwaruza mara tano, sita, kwa rula ya chuma, halafu vunja.

Magurudumu nunua. Nasema hivi kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu nimeona watu wakikata tamaa kwa kutaka kuchonga kila kitu. Nunua magurudumu ya N, na ukitaka injini tafuta mtambo uliotumika, yaani sehemu ya chini yenye mota na magurudumu, mwili ndio ujenge wewe.

Paa la bati la stesheni ndilo lililonifurahisha kuliko kazi zote. Bati la kweli mikunjo yake imepishana kama milimita 76, na kwa skeli yetu hiyo ni kama 0.6. Chukua bolti ndefu ya milimita 4, M4 kama wanavyoiita madukani: meno yake yamepishana milimita 0.7. Kata kipande cha trei nyembamba ya alumini ya chakula, kilaze juu ya ndala kuukuu, halafu uiviringishe bolti juu yake kwa kuikandamiza. Mistari inatoka sambamba, midogo, mizuri. Kata vipande vya sentimita mbili, vibandike kuanzia chini kwenda juu, kila kimoja kikilalia mwenzake kidogo, na kimoja au viwili vikae upande kidogo, kama bati lililong'olewa na upepo likapigiliwa tena. Kutu natumia udongo mwekundu wa nyumbani, nimeuchekecha kwa soksi ndefu ya nailoni mpaka ukawa kama unga, napaka kwa brashi kavu.

Kokoto za njiani ni mchanga wa mto uliooshwa, ukakaangwa ukakauka, ukapita kwenye chujio la chai. Kabla ya kuumwaga, pitisha sumaku juu yake mara kadhaa. Utashangaa ni chembe nyeusi ngapi zinazong'ang'ania, na hizo ndizo zingeingia kwenye mota ya injini yako. Gundi ni ile nyeupe ya mbao, nusu kwa nusu na maji, na tone la sabuni ya vyombo ili izame badala ya kusimama juu. Nyasi kavu nakata nyuzi za katani.

Uzito usiusahau. Behewa jepesi linaruka njia kwenye kona. NMRA, chama cha wajenzi wa treni ndogo cha Marekani, kinapendekeza, kwa N, gramu 14 na nyingine kama 4 kwa kila inchi ya urefu, hivyo behewa langu nililifikisha gramu 32 kwa kubandika nati za chuma sakafuni.

Nilipolimaliza nilimpelekea mzee jirani yetu, fundi mstaafu wa karakana. Nilimwamkia, akaitikia, akavaa miwani, akaligeuza juu chini kama alivyokuwa akifanya kazini, kimya. Halafu akauliza, "Mwanangu, hili likiachwa kwenye mteremko, litazuiwa na nini?" Nilikuwa nimesahau usukani wa breki ya mkono.

Unatengenezwa hivi: chukua uzi mmoja wa shaba kutoka ndani ya waya wa taa, uzungushe kwenye msumari mwembamba wa milimita 3, kata pete moja, vuka katikati yake kwa nyuzi mbili, tone la supagluu. Mzee alinishikia tochi nikiubandika.