Muulize Shangazi: Kaka hanisemeshi tangu uchaguzi

SUALI: Shangazi asalaam alaykum. Mie kwetu Wete, Pemba, ila nimeolewa Unguja. Sie tumekulia upinzani, marehemu baba alikuwa CUF damudamu toka chama kinaanza. Sasa uchaguzi huu wa Oktoba 2025 nkasema kwenye grupu letu la familia WhatsApp kuwa kura yangu ya Rais wa Zanzibar nampa Dokta Mwinyi wa CCM, kwa sababu skuli za ghorofa na barabara naziona kwa macho yangu, na wanangu wanasoma humo. Yalozuka hapo Mungu ndie ajuae! Kaka yangu mkubwa, huyu alonisomesha, kanambia nimeliuza kaburi la baba, kanitoa kwenye grupu na simu hapokei mpaka leo. Binti yangu anaolewa karibuni na mjomba mtu kasema hatii mguu. Nimuombe radhi kwa kura yangu?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Kwa kura usiombe radhi, hata kidogo. Kura yako, umepiga kwa akili yako, na sababu umezitaja, hukukurupuka.

Ila nataka umfahamu kaka yako, maana nyinyi mlokuwa wadogo miaka ile mnasahau upesi. Yeye yuko Wete, na tarehe 27 Januari 2001 watu wa CUF walitoka kuandamana Wete, Micheweni, Chake, wakapigwa risasi za moto, wakafa zaidi ya 30 ukijumlisha na Unguja, na wengine kwa mamia wakapanda vidau usiku wakavuka kwenda Shimoni, Kenya, kuwa wakimbizi, Wazanzibari hao, wakimbizi! Mtu alopitia hayo ukimwandikia skuli ya ghorofa haoni skuli, anaona unamwambia asahau. Hukukusudia hivyo, najua, lakini ndivyo ilivyomfikia. Hilo unaweza kumwambia, kwamba machungu yake unayajua, na bado ukabaki na kura yako.

Na yeye kakosa, tena sana. Kukutoa kwenye grupu na kuisusa harusi ya mtoto wa dadaake ni kuturudisha kule kule. Mwaka 1995 Dokta Salmin wa CCM alitangazwa Rais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 na Maalim Seif wa CUF 49.8, na baada ya hapo Pemba ilikuwaje? Watu hawauziani, huyu hapandi gari ya yule, msikiti mmoja unagawika, wanawake wanaachwa kwa sababu ya chama cha baba zao, na kubwa kuliko yote watu hawazikani. Mtu anakufa na jirani kakaa barazani kwake anaangalia jeneza linapita! Wazee walituambia kuwa zama za vyama vya Hizbu na Afro-Shirazi, kabla ya Mapinduzi, ilikuwa hivyo hivyo. Ndio maana Rais Amani Karume na Maalim walipokutana Ikulu Novemba 2009 watu walilia kwa furaha, na kura ya maoni ya Julai 2010 asilimia 66 wakasema ndio, tunataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa.

Na kaka yako mkumbushe hili, kwa adabu: mwaka 2020 Maalim alitangaziwa kura hazifiki asilimia 20, yeye na chama chake cha wakati huo, ACT-Wazalendo, wakayakataa yale matokeo, watu wao Pemba waliumizwa na wengine walikufa, na bado Disemba ile ile kaenda kula kiapo cha Makamu wa Kwanza akakaa meza moja na Dokta Mwinyi. Kama Maalim kaweza hilo, yeye ashindwe kukaa mkeka mmoja na dadaake?

Lakini hayo usiyaandike kwenye simu wala usimrushie vois noti. Panda boti wende Wete, mchukue na bibi harusi mwenyewe, na umtangulize mama mdogo au mzee yeyote anaemstahi. Kadi ya harusi mpe mkononi. Siasa asianze mtu siku hiyo, na akianza yeye msikilize mpaka amalize.

SUALI: Shangazi unatujibu vizuri ila ukiulizwa yako unakwepa. Wewe uchaguzi na Muungano unauonaje? Kijana, Mkoani.

JIBU: Haya, leo sikwepi. Muungano nautaka, nina ndugu Tanga na Dar, lakini naona serikali tatu, ya Zanzibar, ya Tanganyika na ya Muungano, kama rasimu ya katiba ya Tume ya Jaji Warioba ilivyosema 2013, zingetupunguzia ugomvi huu wa kila miaka mitano. Kura ya mapema, ile wanayopiga askari na watendaji wa uchaguzi siku moja kabla, siipendi. Tupige wote siku moja, kwa sababu siku mbili ndio zinazozaa shaka, na shaka ndio inayotuua sisi Wazanzibari kuliko kushindwa kwenyewe. Na la 2015 sijalimeza mpaka leo, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar kafuta uchaguzi wote wa Zanzibar tarehe 28 Oktoba, na kura za Rais wa Muungano zilopigwa na watu wale wale, vituo vile vile, siku ile ile, zikahesabiwa zikawa halali. Nani anaweza kunifahamisha hilo? Nimeuliza wana CCM, tena watu wazima wenye elimu zao, na jibu la kunituliza sijapata. Ukiwa na rai nyengine niletee kijana wangu, tubishane, mie sikutoi kwenye grupu.

SUALI: Mume wangu kakishika kitambulisho changu cha Mzanzibari Mkaazi, ati mpaka nimwambie nlimpigia nani. Nifanyeje?

JIBU: Usimwambie. Kura ni siri hata kwa mume, na kitambulisho kina jina lako na picha yako, sio chake. Kidai mbele ya wazee wa pande mbili, na asipokitoa nenda afisi ya usajili ya wilaya yako uwaeleze kilipo na uulize utaratibu wa kupata chengine. Nenda mapema bibi, usingojee uandikishaji mwengine ufike, maana bila hicho kitambulisho huandikishwi kupiga kura.